Diski Ndogo ya Baba Salma

Diski ndogo ikiunganishwa na kubwa, inabeba nini hasa? Sikujua, ila chuoni nilizoea kubisha kila kitu.

Kompyuta za nyumbani kwa Baba Salma, muuza vitambaa wa Shinyanga mjini aliyeniita nizikague, zilitumia hifadhi moja ya diski mbili. Humo mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake; kaseti ilikotolewa ilishakatika. Nilidhani ni kama magunia ya mpunga: kubwa likijaa ndipo unajaza dogo. Diski kubwa haikuwa imejaa, basi nikaona ndogo haina kitu, nikaichomoa, nikaifuta.

“Msomi, mama haongei.”

“Subiri kidogo, Baba Salma.”

“Mimi nasubiri. Hiyo mkononi ni nini?”

Baadaye sana nilijua kwamba mfumo ule ulikata kila faili vipande, kimoja diski kubwa, kingine ndogo.