Metre Hakutaka Kuku

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nimerudi Burundi kutoka Tanzania nilikokulia kambini, na nilikwenda Gitega kumwona wakili nikiwa na kuku kwapani.

Nikurudishe nyuma kidogo. Baba yangu alifia ukimbizini, akaniachia neno moja: shamba letu liko Buhinyuza, kando ya chemchemi. Niliporudi nilimkuta pale Mzee Bukuru na familia yake, wamelilima miaka mingi. Alinikaribisha vizuri, akanipa hata ugali wa muhogo na maharage. Lakini nilipomwambia shamba ni letu, akasema, "Kijana, mimi nilipewa hapa na wakubwa. Twende tukaulize wazee."

Wazee! Mimi nilikuwa na haraka. Asubuhi moja nikachukua panga, nikafyeka migomba yake kumi na miwili. Hasira hasara, mwanangu. Bukuru akanishtaki, na mimi niliyekuwa nikidai shamba sasa nikawa naiogopa jela.

Sokoni Gasorwe nikasikia kwamba wapo mawakili wanaojitolea kuwasaidia wasio na uwezo, bila malipo. Walikuwa wakija Muyinga mara moja kwa mwezi, wakikaa kwenye ukumbi wa parokia. Nikaenda, nikamweleza mmoja wao, Metre Spesioza (huku kwetu wakili tunamwita Metre), habari yote ya baba na shamba. Kuhusu migomba nikasema, "Wananisingizia." Akaandika, akaniambia nimfuate ofisini kwake Gitega, mtaa wa Magarama, kabla ya siku ya kesi.

Nilijiambia mkono mtupu haulambwi. Tena moyoni niliamini kwamba wakili wa bure atafanya kazi ya bure. Ndiyo sababu ya yule kuku. Kumbe kamba ya miguuni ilikuwa imelegea! Nilipoingia tu, kuku akarukia meza, akamwaga chai, akapaa mpaka juu ya kabati la majalada. Nikapanda kiti kumfuata. Metre alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akanitazama usoni.

"Bon, Melkiori. Kuku iko yako, utarudi nayo. Mi sitaki kuku, mi nataka ukweli. Ile migomba, nani alikata?"

"Sijui, Metre."

"Mi nilifika Buhinyuza. Nilipanda kile kilima kwa mguu, mvua inanyesha. Majirani watatu walikuona na panga. Donc, kwa hiyo we unataka nisimame mbele ya jaji, nidanganye kwa ajili yako?"

Nilikuwa bado nimesimama juu ya kiti. Hakuna mahali pabaya pa kuumbuliwa kama juu ya kiti, mwanangu.

"Ni mimi, Metre," nikasema. "Nilikata mimi."

"Voilà. Shuka. Sasa naweza kukusaidia."

Akanituma kwa Bukuru kwanza. Nilikwenda na machipukizi kumi na mawili ya migomba niliyoomba kwa watu, nikapiga goti, nikaomba radhi, nikaanza kuchimba. Mzee akaja kuchungulia. "Huko Tanzania hamkulima?" akauliza. "Shimo gani hili? Hata kiazi hakitoshi!" Akaninyang'anya jembe, tukapanda pamoja mpaka jua likawa kali.

Wiki ile ile bashingantahe, wazee wapatanishi wa kilima, walikaa. Metre alikuja, akaeleza sheria inasemaje, bila kumdharau yeyote. Tukagawana: Bukuru akabaki upande wa juu, mimi nikapata upande wa chemchemi, na kesi Bukuru akaiondoa mwenyewe. Wajukuu zetu wanachota maji pale hadi leo.

Basi sikiliza, mwanangu. Mficha uchi hazai. Ukimpata wa kukutetea, mweleze yote, na lile linalokuaibisha litangulie, kwa maana usipolisema wewe, mpinzani wako atalisema. Wala usidharau msaada kwa kuwa hukuulipia. Anayekusaidia bure ametoa siku zake, miguu yake na jina lake. Na hata ukiwa na haki, usiidai kwa panga.

Mungu akupe ulimi usioukimbia ukweli, na kila mlango wa haki utakaoubisha, akufungulie mtu mwenye masikio.