Nyumba Niliyouziwa na Mtu Wake Ndani

Mimi nina hasira, sikatai. Waulize madereva wa malori ninaowapikia wali na maharage pale barabarani Mikumi, watakueleza. Lakini ile nyumba ya njia ya Kidodi ilinikutanisha na mtu ambaye kelele zangu hazikumtikisa hata ukope.

Niliinunua kwa ajili ya mama. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, mama haoni tena, miguu imekataa, na kwake kule Magole maji ya mafuriko yalishapachukua. Mwenye chumba alianza kuniuliza kila siku kwa upole wa kinafiki, "Bibi anaendeleaje?" Nilijua anachouliza. Hakuna anayependa maiti itoke kwenye chumba chake cha kupangisha. Mama naye alijua. Akimaliza kuswali aliomba kwa sauti nisikie: "Ee Mola, nifie kwangu." Nikainunua nyumba.

Mwuzaji alikuwa mzee aliyefiwa na mke, mcheshi, mwenye maneno laini. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi, akaweka dole gumba, nami nikaipiga picha karatasi kwa simu. Ndipo akasema, "Mwanangu, nina mahindi hapo nyuma ya nyumba. Niache nivune, halafu nihame." Kwetu huku mtu hatolewi akiwa na zao ardhini, hata mtoto analijua hilo. Nikamjibu, "Vuna mzee, hakuna neno." Nikajiona muungwana. Mjinga mkubwa mimi!

Mahindi yakavunwa, nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sasa nasubiri mbaazi tu."

Mbaazi! Nikachungulia nyuma, zimesimama kati ya mabua, zinanifika kiunoni. Alizipanda pamoja na mahindi, kama watu wote wa huku wanavyopanda. Nami nimezaliwa huku, mbaazi nazipika kila wiki, lakini siku ile ya kukagua zilikuwa fupi chini ya mahindi na sikuziona. Nikarudi Mikumi nimefura, nikaunguza sufuria nzima ya wali.

Mbaazi zikavunwa. Nikaenda tena, safari hii sikukaa hata kwenye kigoda. Akanipeleka upande wa pili wa uwanja, akanionyesha matuta ya mihogo.

"Na hii lini?"

"Aa, muhogo hauna haraka, mwanangu."

Muhogo unaweza kukaa ardhini hata miaka miwili, ukichimbwa shina moja moja. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. "Mzee, umeniuzia nyumba au umeniuzia foleni?" Akacheka. Wallahi, alicheka.

Nikampeleka baraza la kata. Wajumbe walitusikiliza vizuri, wakasema nyumba ni yangu, mihogo ni yake, tupatane. Tukishindwa, kesi iende mbele. Wao wenyewe ni wakulima, ungetegemea waseme nini? Kesi ningeifungua, lakini mama alikuwa amefika kula vijiko vitatu kwa siku. Hakuwa na muda wa kusubiri tarehe za watu.

Basi nikakodi bajaji, nikampakia mama na godoro lake, nikaingia naye sebuleni. Liwalo na liwe. Mzee akabaki chumbani kwake. Jiko moja, choo kimoja, na kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Tulichosemezana ni shikamoo tu, maana ile haikwepeki hata kwa mtu unayemchukia. Nilimwamkia meno yameumana.

Asubuhi ya tatu mama akaita kutoka godoroni, "Baba, una muhogo huko? Nina hamu nao." Mzee akaja mlangoni, akamwamkia mama kwa adabu, akaenda kuchimba. Angefanyaje? Mtu wa huku hamnyimi mkongwe chakula kilichomo shambani mwake. Kesho yake mama akaomba tena. Siku iliyofuata akaomba na wa kumpa jirani aliyekuja kumjulia hali.

Nikamwambia, "Mama, wewe hata kipande humalizi. Mihogo yote hii ya nini?"

Akaninong'oneza, "Wape watu waile. Ikiisha mihogo, hana neno tena."

Nilicheka hadi machozi. Mama yangu haoni wala hawezi kukaa bila kuegemezwa, lakini vita anaijua.

Tatizo ni kwamba mzee alianza kukaa naye akimenya. Nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia kwamba mwanawe wa Morogoro hapokei tena simu zake, na kaka yake wa Lumuma ana kibanda cha kulala mtu mmoja. Mama akawa anaitikia tu, "Pole, baba." Nilizidi kukasirika, kwa sababu nilianza kumhurumia.

Mama alifariki alfajiri, matuta mawili ya mihogo yakiwa bado. Nasema kweli, kilichonishika kwanza si huzuni, ni aibu. Dua yake moja tu, nami nimeshindwa kumtimizia. Nilisikia watu wakielekezana njiani, "Msiba uko kwa mzee yule, pale yanapopita malori ya miwa." Kwa mzee! Nilitamani kutoka niwapigie kelele wote.

Jeneza likawekwa uani. Shehe akasema maneno ya siku zote: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu aseme, ili marehemu asiende na haki ya mtu wala asiache yake. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mimi nimesimama dirishani. Nikadhani yamekwisha.

Mzee akainuka kwenye mkeka.

"Mimi marehemu ananidai," akasema. "Ananidai nyumba hii. Niliiuza, nikala jasho la watu, nikakataa kutoka. Mlioambiwa msiba uko kwangu mmedanganywa. Hapa ni kwake. Amefia kwake."

Shehe akageukia dirishani. "Mfiwa, umesikia. Unamsamehe?"

Pale mbele ya jeneza watu husema ndiyo, upesi, maiti ikazikwe. Nilimhurumia na nilimchukia, vyote kwa pamoja.

"Akihama," nikasema, "nimemsamehe."

Nyuma yangu shangazi akaguna, "Makubwa!" Mzee akaitikia kwa kichwa, akasogea kushika jeneza pamoja na wenzake. Siku ya hitima chumba chake kilikuwa kitupu. Niliingia kukifagia, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu mama afariki.