Koleo la Suruali

Mkono wangu wa kushoto ulilala nikiwa na miaka minne na haukuamka tena. Nasema hili mapema ili lisitusumbue mbele. Uko hapo, mwembamba, una joto, unasikia mbu akiuma, lakini haushiki kitu. Kila nilichofanya maishani nimekifanya kwa mkono wa kulia, na vingi nimevifanya vizuri.

Nilikuwa napiga pasi kwa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Kabondo, mzee wa familia ya zamani ya Waislamu wa mji huu, mwenye kanzu nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa. Mbele alikuwa na cherehani zake tatu. Nyuma, upande wa pili wa pazia, kilikuwepo chumba cha kufulia na kupigia pasi, ndiyo pressing, na chumba hicho kilikuwa changu. Nilimwita patron, yaani bosi, yeye aliniita binti yangu, na kwa miaka sita hatukuwahi kugombana.

Ugomvi uliletwa na suruali, pantalo kwa lugha yetu. Henga tulizokuwa nazo, sisi huku tunaziita sentre, zilikuwa za waya. Unaikunja suruali katikati, unaiweka juu ya waya, na mwenyewe akija kuichukua inakuwa na mstari wa pili, wa kulala, juu kidogo ya goti. Kazi yote ya pasi imekwenda bure. Patron akanunua henga za vibanio, zile zinazoshika suruali kwenye pindo ikaning'inia wima. Zilikuwa nzuri kwa suruali, si kwangu. Kila kibanio kilitaka mkono mmoja wa kukifungua na mwingine wa kuingiza kitambaa. Basi nilitumia meno. Nilishika pindo kwa meno, nikafungua kibanio kwa mkono, nikasogeza kichwa mpaka kitambaa kiingie. Nilizoea. Sikuwahi kuacha alama ya mate kwenye nguo ya mtu.

Siku moja mkuu wa shule ya sekondari, mteja wetu wa kila wiki, alisukuma pazia bila kubisha akanikuta na suruali yake mdomoni.  Alirudi mbele akamwambia patron, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka barabarani:

"Mzee, mie naleta pantalo kwa pressing. Sasa humu ndani iko mutu anaikula."

Wanawake waliokuja kupimwa nguo walicheka. Alipoondoka, patron alikuja akasimama karibu na meza yangu, akiangalia makaa kwenye pasi badala ya kuniangalia mimi.

"Binti yangu, kuanzia kesho utafanya mashuka na mapazia. Kwa pantalo tutatafuta mutu mwingine."

"Huyo mwingine atapiga pasi kunishinda?"

"Hapana."

"Alors?"

"Alors, iko na mikono mbili."

Ningeweza kunyamaza. Watu wengi walinifundisha kunyamaza, na wengine walinifundisha kwa upendo. Lakini nilisema, "Nipe wiki tatu, patron. Nitatengeneza sentre ya mutu wa mukono moja. Ikishindikana, nitafanya mashuka mpaka nizeeke."

Sikuwa na wazo lolote kichwani. Ilikuwa hasira tu iliyosema. Patron alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesema ataogelea mpaka ng'ambo ya mto.

"Bon," akasema. "Wiki tatu."

Wiki ya kwanza ilipita bure. Nilijaribu vibanio vya kamba ya nguo, nikajaribu misumari na raba, hakuna kilichoshika. Jumamosi nilikwenda bandarini kupokea samaki wa kukausha ambao ndugu za mama yangu hututumia kwa mtumbwi kutoka upande wa Isangi. Mtumbwi ulichelewa. Nikakaa juu ya mfuko wa muhogo wa mtu mwingine nikaangalia winchi ikipakia magogo kwenye baji, chombo bapa cha mizigo.

Magogo nimeyaona yakipakiwa tangu utoto. Siku hiyo ndiyo niliangalia kile kinachoyashika. Lilikuwa koleo kubwa la chuma, miguu miwili imepishana kama mkasi, ncha chini, mnyororo juu. Hakuna mtu aliyelikaza. Waliliteremsha juu ya gogo likiwa limelegea, winchi ikavuta, na kule kuvuta kukalifunga. Gogo lilivyokuwa zito ndivyo koleo lilivyozidi kuuma. Walipoliweka gogo ndani ya baji mnyororo ulilegea, na koleo likaachia lenyewe.

Nilisimama. Mwenye muhogo aliniuliza kama nimeumwa na mdudu.  Kichwani niliona suruali imelala juu ya meza yangu, koleo dogo limeshuka kwenye pindo, na mimi nalinyanyua kwa mkono mmoja. Uzito wa suruali ndio ungekuwa mkono wa pili.

Tonton yangu, mdogo wake mama, ni seremala kule mtaa wa Tshopo. Nilimchorea koleo kwa mkaa kwenye kipande cha ubao. Aliugeuza ubao juu chini.

"Iko akili," alisema. "Acha hapa. Nitakufanyia kesho."

"Hapana, tonton. Nataka nifanye mwenyewe."

"Na musumeno? Na randa? Utajikata hata huo mukono uko nao."

"Ukinifanyia, siku itavunjika nitarudi kulia kwako. Nataka nijue kwa nini inashika."

Alinung'unika, akasema ukaidi huu ni wa upande wa baba yangu, akanionyesha jiliwa, lile bano kubwa la chuma lililofungwa kwenye ukingo wa meza yake. Ulikuwa ndio mkono niliokosa. Jiliwa lilishika ubao, mimi nikakata. Lilishika chuma, mimi nikapinda. Tonton alijifanya anapiga msasa kiti huku akinichungulia. Mara mbili alinyoosha mkono kunisaidia na mara mbili nilimwangalia tu mpaka akaurudisha.

Nilichukua vipande viwili vya mbao, urefu wake upana wa pindo la suruali iliyonyooshwa. Kila upande niliweka spoki mbili nene za pikipiki, zimepishana kama mkasi, msumari katikati. Juu, ncha zote nne zilifungwa kwa waya mfupi kwenye kulabu moja. Ukivuta kulabu, mbao zinabana. Ukiilegeza, zinaachia.

La kwanza liliachia. Mbao tupu hazikushika kitambaa. La pili nililitia meno ya misumari midogo likatoboa sketi yangu mwenyewe. La tatu nililivika ndani vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ya toleka mmoja, wale wanaobeba abiria, nikatundika suruali ya jinzi iliyolowa maji. Ilishika. Nikaivuta. Ikazidi kushika. Tonton alikuja naye akavuta, kisha akaweka randa chini, akasema polepole, "Tiens," kama mtu aliyeona ajabu.

Wiki ya tatu nilipeleka makoleo kumi Kabondo. Patron alitundika suruali, akaining'iniza, akaitikisa, akashindwa kuitoa. Nikaiweka mezani, ikaachia yenyewe.

"Utafanya pantalo," alisema, akarudi kwenye cherehani yake. Nilipiga pasi siku hiyo nikiimba.

Furaha hiyo haikufika hata siku kumi. Bwana harusi mmoja alituletea suruali nyeupe. Niliinyoosha vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kunyoosha, nikaitundika kwenye koleo langu, na asubuhi ya harusi nilipoishusha niliona kila pindo lina mstari mweusi, mpana kama kidole. Mpira wa baiskeli ulikuwa umetoa rangi. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau. Mstari uligeuka kijivu ukakataa kuondoka.

Nilimpelekea patron suruali ile mkononi. "Ni sentre yangu imefanya hii. Siyo sabuni, siyo maji. Ni mimi."

Nilingoja anipeleke kwenye mashuka na mapazia. Alitazama pindo, akachukua wembe, akafumua mshono, akakunja ile sehemu yenye doa kwenda ndani, akashona. Suruali ikawa fupi kwa upana wa kidole.  Aliponirudishia alisema, "Utamwambia wewe mwenyewe." Nilikwenda nikamwambia bwana harusi mbele ya mama yake. Mama alisema mengi. Bwana harusi aliivaa, akaangalia viatu vyake, akasema angalau vitaonekana.

Nilirudi kwenye jiliwa. Nilibandua mpira wote nikaweka soli nyeupe za kandambili, zilizokatwa nyembamba. Hazikutoa rangi na zilishika. Kisha magauni mepesi ya hariri yakaanza kuteleza, kwa sababu koleo linahitaji uzito na gauni halina uzito. Nilikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima. Nilipofanya mikono ya juu, ile kati ya msumari na kulabu, kuwa mirefu mara mbili ya ile ya chini, hata kitambaa cha kichwa kilishikwa. Sasa sketi, gauni, koti, kila kitu kilitundikwa kwenye koleo langu, na watu wakaanza kuliulizia.

Aliyeuliza kwa sauti kubwa alikuwa mfanyabiashara mmoja wa katikati ya mji. Nilikuwa nyuma ya pazia nikamsikia.

"Mzee, hii sentre inatoka wapi? Dubai?"

"Inatoka hapa hapa."

"Nani anaifanya?"

 Patron akasema, "Ni kazi ya atelier yangu, ya duka hili."

Niliweka pasi juu ya kigae, nikasukuma pazia. "Patron, ni kazi ya nani?"

"Binti yangu, tuko tunazungumza."

Mfanyabiashara alinitazama, akatazama bega langu la kushoto, akatabasamu kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi. "Maman, usikasirike. Watu wakijua imefanywa na kilema, watafikiri ni kitu ya vilema. Donc tutasema ni ya mzee. Na wewe hatutakusahau."

"Kati yenu wawili," nilisema, "nani anajua kwa nini hii mikono ya juu ni mirefu kuliko ya chini?"

 Patron aliangalia vidole vyake.

"Basi si yenu."

Nilirudi nyuma nikaanza kushusha. Sikutupa nguo hata moja. Nguo za watu hazikuwa zimenikosea. Kila suruali niliikunja kwa mstari wake, kila gauni nikalilaza juu ya shuka safi, na kila koleo nikalitia kwenye gunia. Ilinichukua mpaka alasiri. Nilipotoka na gunia begani patron alikuwa mlangoni.

"Nitawaambia wateja nini?"

"Waambie ukweli, patron. Ni mufupi."

Niliita toleka, nikapanda, gunia mapajani, vyuma vikilia kwenye kila shimo la barabara mpaka Tshopo. Njiani niliogopa. Mimi na mama tulikula kwa mkono huu mmoja, na nilikuwa nimeuondoa kwenye kazi mwenyewe, bila kufukuzwa. Lakini sikumwambia dereva ageuze.

Tonton alinipa kona ya meza. Niliandika kwa rangi kwenye ubao: "Sentre zinafanywa hapa, na mwanamke." Aliuliza kwa nini niongeze hayo ya mwisho. Nikamwambia kwa sababu ni kweli.

Ijumaa ya pili, baada ya sala, patron alikuja kwa pikipiki. Alipita juu ya takataka za randa akiwa amenyanyua kanzu kwa vidole viwili. Tonton alimpa kiti akakataa kukaa.

"Nilikosa," alisema. "Nilisikia neno likitoka mdomoni, nikaona linapendeza, nikaliacha. Rudi dukani, ni nyumbani kwako."

Ilinigusa, sitadanganya. Mzee yule aliniajiri wakati wengine waliniambia nikakae mlango wa kanisa na sahani. Lakini nilimwambia, "Nyuma ya pazia sirudi, patron. Leta pantalo zako hapa, nitapiga pasi. Sentre utanunua kama watu wengine. Na yeyote akiuliza, utanitaja."

 Akaniuliza kama ninaweza kufanya sentre moja ya kanzu, pana zaidi mabegani. Nikachukua kipimo chake pale pale.

Yule mfanyabiashara hakuja kuomba msamaha. Alipata koleo moja kwa njia zake, akatengenezesha mengi ya kufanana nalo, lakini alifupisha mikono ya juu ili yaingie kwenye katoni. Yalianza kuangusha nguo za watu. Siku moja alikuja Tshopo, akasimama kando ya ubao wangu bila kuusoma.

"Maman, nisaidie. Zangu zinateleza."

"Ninajua kwa nini."

"Niambie, basi."

"Andika karatasi, uibandike mbele ya duka lako. Andika kwamba kitu hiki kilibuniwa na kilema wa Tshopo. Neno ni lako, usilibadilishe. Siku hiyo hiyo nitakuonyesha."

Alicheka. Alipoona mimi sicheki, alipanda gari lake. Hajarudi. Makoleo yake bado yamo kwenye nyumba nyingi za mji huu, kwa kuwa ni ya bei rahisi kuliko yangu, na nikiyaona ukutani kwa watu sisemi kitu, ila nguo ikianguka siiokoti.

Mwezi huu ninajaribu lingine, la kushikia pagne mbichi, kitenge kilichotoka kufuliwa, kwenye kamba wakati wa upepo wa mvua. Tatizo ni kwamba upepo unanyanyua nguo, na ikinyanyuliwa koleo linafikiri imewekwa mezani, linaachia. Leo asubuhi pagne ya mama imeanguka kwenye tope kwa mara ya tatu. Ameisuuza, ameitundika tena kwenye koleo lile lile, akaleta kiti chake, ameketi hapo chini yake analiangalia.