Bomba la Kona ya Majlisi

Kazi yangu ni kupiga watu picha za eksirei hospitali. Kutwa nimevaa beji kifuani inayopima mionzi inayoniingia, na kila baada ya muda beji inachukuliwa ikasomwe, maana wakubwa wangu hawataki nidhurike kazini. Nyumbani sikuwa na beji. Nyumbani nilikuwa na mama yangu na kaka yangu, nikaona inatosha.

Nyumba yetu iko nyuma ya mtaa wa Hamriya, hapa Maskati, juu ya mwamba mtupu. Aliijenga marehemu baba aliporudi Oman kutoka Unguja. Juu anakaa kaka na mkewe na binti yao. Chini tulikuwa mimi na mama, vitanda viwili chumba kimoja, tangu nilipoachika. Baba alikufa kwa maradhi ya mapafu na hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Sisemi nyumba ndiyo iliyomuua, kwa sababu hakuna daktari aliyesema hivyo. Lakini siku mwenzangu wa kazini aliponieleza habari za radoni, wa kwanza kumfikiria alikuwa baba.

Radoni ni gesi inayotoka kwenye mawe chini ya nyumba. Haina harufu, haina rangi, wala haikuwashi koo. Inapenya kwenye nyufa za sakafu, na nyumba ikiwa imefungwa inabaki ndani, hasa vyumba vya chini, ukaivuta miaka na miaka mpaka ikakuharibu mapafu. Na nani Maskati anafungua dirisha? Kiangazi kizima tunaishi na viyoyozi, kila tundu limezibwa. Mwenzangu akaniazima kipimo, kidude kama saa ya mezani, nikakiweka kati ya kitanda changu na cha mama. Namba iliyotoka ilinikosesha usingizi.

Kaka alicheka kwanza. "Umri wote huu tunalala humu, leo ndo imezuka gesi?" Nikamtajia baba. Kicheko kikamkatika, akasema, "Haya, tufanye. Kwa ajili ya mama."

Huwezi kuingia madukani Ruwi ukaulizia fundi wa radoni, watakuona umepungukiwa. Tulimpata fundi wa viyoyozi aliyekuwa tayari kuisomea kazi hiyo kabla ya kuigusa. Akatoboa zege la sakafu kwenye stoo iliyo ubavuni mwa chumba chetu, akachimba mawe chini yake mpaka pakawa na shimo, akatia bomba nene la plastiki na kuziba pembeni. Bomba likapanda, likatoboa dari, likapita kwenye kona ya majlisi ya kaka, sebule yake ya wageni huko juu, likatokea kwenye paa. Huko akafunga feni. Feni inainyonya hewa ya chini ya sakafu kabla haijaingia ndani, na kuitupa juu, mbali na madirisha. Tulipopima tena, namba ilikuwa imeshuka vizuri. Nikarudisha kidude cha watu. Nilijiona mtoto wa maana kweli.

Tena bomba lile lilikuwa na jambo moja nililolipenda. Kila Alkhamisi jioni mama hufukiza udi, na mama yangu akifukiza hufunga kila dirisha na kila mlango ili moshi ushike kwenye mapazia na nguo. Basi kidogo katika moshi ule ulikuwa ukivutwa na bomba kupitia nyufa za stoo, na kutokea kwenye paa pale ninapoanika sare zangu za kazi. Nilikuwa nikiingia hospitali ninanukia udi, wenzangu wananitania kwamba usiku nina bwana ninayemficha.

Kisha yule binti wa kaka akaja kuposwa.

Watu wa upande wa mume walikuwa watu wakubwa, na nyumba nzima ilipinduliwa kwa ajili yao. Kaka akaitengeneza upya majlisi: mito mipya, dari la jipsamu, na pale konani kijishubaka chenye taa cha kuwekea madele ya kahawa. Nikamuuliza bomba limekwenda wapi. "Nimelipitisha ndani ya ukuta," akasema. "Linavuta kama kawaida, usiwe na wasiwasi." Nikaamini. Kwa nini nisimwamini? Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka skuli siku ya kwanza. Siku ya wageni mimi ndiye niliyewapitishia chetezo cha udi, na nikamsifu kaka mbele yao kwa ile kona ilivyopendeza.

Wiki ile ile mama akahamia juu. Akasema anataka kulala na mjukuu wake kabla hajachukuliwa na watu. Mtu mwenye magoti mabovu kama yake, kupanda ngazi zile kila siku baada ya sala ya isha! Nilimwonea huruma. Aliniambia mara moja tu, "Na wewe njoo ulale juu, mwanangu." Nikacheka, nikamwambia kitanda changu kinanitosha.

Baadaye nikaona sare zangu hazinukii tena. Feni ilikuwa ikivuma pale pale kwenye paa, na mama alikuwa akishuka kufukiza kama kawaida. Nikamwambia, "Mama, udi wako siku hizi hauna nguvu."

"Udi wa siku hizi wote ndo hivyo," akanijibu, na uso wake mkavu.

Lakini mimi kazi yangu ni kutazama vitu visivyoonekana, nikashindwa kutulia. Nikakiazima tena kile kidude. Namba ilikuwa imerudi kule kule ilikokuwa mwanzo. Nikamwita fundi. Akalifungua bomba pale stoo na kuweka karatasi laini mdomoni mwake. Ingekuwa linavuta, karatasi ingenasa. Ilining'inia tu. Akapanda kwenye paa, akakuta feni nzima. Akaniambia kwa upole kwamba bomba limekatwa katikati.

Nikapanda juu. Kaka alikuwa amekaa peke yake majlisini, mgongo kwenye ile kona. Nikamuuliza umelikata au hukulikata. Hakuhangaika hata kukana.

"Ulitaka nifanyeje? Fundi wa jipsamu kasema ukuta mwembamba, haliingii. Wageni wanakuja kuposa, wakute bomba kama la choo limesimama majlisini? Wangesema watu hawa wanakaaje? Harusi ipite tu, nitalirudisha wallahi."

"Na feni unaiacha ivume ya nini?"

Akatazama chini. "Ili usiulize."

Nikamwambia mimi nalala kule chini, na mama alikuwa akilala kule chini. Hapo akainua uso, kama mtu aliyepata pa kujisitiri. "Mama anajua," akasema. "Mimi nlimwambia siku ile ile. Kwani unadhani kahamia juu kwa sababu gani?"

Sikumbuki nilivyozishuka zile ngazi. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamuuliza kama ni kweli. Aliendelea kuchambua.

"Usinipigie makelele, wifi yako atasikia," akasema. "Kakako kaniomba nimsitiri. Ana binti wa kuozesha."

"Na mimi, mama?"

"Wewe kutwa uko kazini. Na mimi nlikwambia uje ulale juu, ukakataa."

"Hukuniambia kwa nini!"

"Ningekwambia, ungenyamaza wewe? Ungewaita na mafundi mbele ya wageni."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku nilipopewa talaka. Mume alikuwa mtu baki. Hawa ni watu niliowavunjia zege la nyumba ili wavute hewa safi, wakakaa kitako wakapatana kwamba kifua cha kubaki na ile gesi kiwe changu. Nililia mbele yake bila haya. Yeye akaosha mchele akauinjika.

Jioni ile sikula nao. Nilifungua dirisha la chumba wazi kabisa, joto likaingia na vumbi na makelele ya magari, nikakaa kitandani kwenye jasho langu. Baada ya isha nikasikia magoti ya mama yanashuka ngazi, polepole. Akaingia na chetezo mkononi, kimejaa makaa, na udi ule mzuri aliokuwa amewawekea wageni wa harusi. Hakusema samahani, mama yangu hajui neno hilo. Alikizungusha chetezo juu ya kitanda changu, akainua pindo la kanga yangu akalifukiza, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

"Usilale na hamaki," akasema. "Tulia, mwanangu."

Akakiweka chetezo sakafuni, katikati ya vitanda viwili. Kisha akaenda dirishani akalifunga, akalibana komeo ili moshi usitoke, akauvuta mlango nyuma yake, akapanda zake juu kulala.