Video Iliyoishia Kwenye Kitovu

Kosa lilikuwa langu. Nimechoka kulibeba, leo acha niliseme.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha wanafunzi wa udaktari kupima mgonjwa kwa mikono. Wengine walikuwa mazoezini Kiritiri, wengine Timau, na mimi, jamani, sikutaka kutoka Meru mjini! Nikaona heri nirekodi somo kwenye video, kaseti iwafuate huko huko.

Aliyekubali kulala kitandani ni mpishi wetu, mzee wa rika la baba yangu. Nilimwonea haya. Nikapandisha sweta yake kidogo, nikabonyeza tumbo mpaka kwenye kitovu, nikaishia hapo. Kinena sikukigusa, na ndipo ngiri, ule utumbo unaochomoza chini ya ngozi, hujificha! Nikaangalia kamera nikasema, "Huko chini mtajionea wenyewe."

Mama yangu alikuwa akiishi Timau. Akaanza kutapika, tumbo likimkata. Katika kituo cha afya alipimwa na Mwiti, mwanafunzi wangu, akaambiwa ni amiba, akapewa vidonge akarudi nyumbani. Nilipopata habari na kufika, alikuwa amelegea kabisa.

"Huyo kijana ni mzuri," akaniambia. "Ako na heshima. Hata hakunivua nguo."

Nikafunua leso mwenyewe, mimi mtoto wa kiume kwa mama yangu mzazi. Uvimbe ulikuwa pale kwenye kinena, mgumu, umeshabadilika rangi. Utumbo ulikuwa umenaswa. Alipasuliwa, lakini tulikuwa tumechelewa. Ole wangu!

Mwiti alikuja mazishini, macho mekundu. Akaniambia mbele ya dada zangu, "Mwalimu, nilifanya tu vile ulifanya kwa video."

Dada zangu wakamgeukia kwa maneno makali. Yeye akanitazama, akingoja niseme kitu. Nikanyamaza! Akaondoka na lawama yote, na udaktari akauacha. Nasikia siku hizi analima viazi.

Sasa masomo yako kwa simu na kompyuta, na nyinyi mnaofundisha mnafurahia. Sawa. Lakini msiruke mahali penye aibu, tafadhali! Mkiruka, na wao wataruka, na atakayelala kitandani ni mzazi wa mtu. Na mkikosea, msimwachie mtoto wa watu mzigo wenu.

Mwiti, kama unasoma hapa, ulifanya vile nilikufundisha. Mama yangu nilimuua mimi.