Ufunguo wa Nyumba ya Kampuni

Tulikuwa watano katika chumba kimoja kule Naviundu, pembezoni mwa mji: mimi, mume wangu na watoto watatu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, Mwislamu wa asili ya Maniema, mshonaji. Kampuni ya shaba ilipoanza kujenga safu za nyumba kwa wafanyakazi wake, tulisema shida ya makao imekwisha. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru. Alipoleta ufunguo, nilicheza uani mpaka kitambaa kikanidondoka kichwani.

Hata miezi miwili haikupita, jirani yetu wa ukuta mmoja akafa kwa kifua. Matanga yalipoisha tu, akaja bwana wa ofisi ya kampuni, amevaa abakosi, ile suti ya wakubwa isiyo na tai.

"Citoyenne," akamwita mke wa marehemu, yaani mwananchi, "uko na siku tatu za kutoka."

"Siku tatu za kwenda wapi?"

Akaandika namba ya mlango kwenye daftari, akaondoka. Siku ya nne familia nyingine iliingia, na makaa ya yule mama bado yalikuwa moto kwenye jiko lake la mbabula.

Jioni ile nikamwambia mume wangu, "Baba, tutafute kiwanja. Tufyatue matofali yetu."

Akacheka. "Unaogopa nini, mama? Beko banajenga ingine mingi. Manyumba haitakosa."

Kweli walijenga. Lakini kila safu ilijaa kabla rangi haijakauka, na malori yakaleta watu wapya wa kuajiriwa. Nami nikaanza kusikiliza. Alfajiri, akifunga viatu, mume wangu alikohoa kikohozi kikavu, kile kile cha jirani kilichokuwa kikipita ukutani. Leso yake akawa anaifua mwenyewe, nisione damu.

Barua ilikuja wakati wa mvua: afya yake haifai tena kwa kazi. Tulipewa siku tatu, kama yule mama.

Nilikwenda Naviundu kuulizia chumba chetu cha zamani. Mjane alinishika mkono, akanionyesha. Mlikuwa na familia mbili, katikati pazia.

"Mwanangu, niko na baraza tu," akasema. "Mukuje."

Tukahamia barazani. Kutoka pale tuliona bati mpya za kampuni zikiongezeka kila wiki. Mume wangu alizitazama, blanketi mabegani. Alikufa kabla mvua haijaisha.

Mimi nilijifunza kushona. Miaka mitano tulikaa pale, na mpaka leo wanangu wakilala hukunja miguu, kama bado wako barazani.