Bibi Haendi Mjini

Nitajuaje? Swali hilo lilininyima usingizi tangu niliporudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Bibi yangu alikuwa amenipa kazi nzito kuliko mitihani yote niliyoifanya: siku akizidiwa na kushindwa kusema, mimi ndiye nitakayesema badala yake.

Mwenyewe alijua anachotaka. Alitaka auguzwe kijijini kwetu, karibu na Mollo, ndani ya nyumba yake, na jirani yake mjane ambaye walilima pamoja tangu usichana. Hakutaka kupelekwa Sumbawanga mjini kwa mjomba.

"Kama ni homa, au nimevunjika mguu, nipelekeni popote," aliniambia. "Lakini kama ni uzee umefika mwisho, niacheni hapa. Na padre mmwite kutoka Kaengesa nikiwa bado nasikia, siyo nimeshakuwa gogo."

Vizuri. Lakini nitajuaje kwamba ni uzee na si homa? Nikimzuia, kumbe ni malaria, nitakuwa nimemuua. Nikimwachia aende, atafia katika chumba asichokizoea, anasikiliza magari. Nililigeuza jambo hilo upande huu na upande ule mpaka majogoo wakawika.

"Kwa nini mimi, bibi?" nilimwuliza siku moja tukipepeta ulezi. "Mjomba ndiye mkubwa."

"Mjomba wako ananipenda mno. Akiniona nimelegea atalia, halafu atanipakia kwenye lori."

"Na mimi?"

"Wewe mwoga. Utaogopa kubadilisha hata neno moja nililokwambia." Akacheka mpaka ungo ukamtikisika mikononi. "Tena nitakujaribu, msomi wangu. Subiri tu."

Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja kijijini kuchukua mahindi. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Mimi nilikuwa kisimani, nikasikia yowe. Zamani, tulipokuwa tumetawanyika, mtu aliweza kuugua na kupona majirani wasijue. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, nyumba zilikaa mstari mmoja kando ya barabara, na yowe lilipita mlango hadi mlango kama moto kwenye nyasi kavu. Nikasikia likitajwa jina la bibi. Nikatupa ndoo, nikakimbia.

Nyumba ilikuwa imejaa. Bibi alilala chali kitandani, macho ameyafumba, blanketi limemfika kidevuni. Jirani yake mjane alikuwa amekuja kuomba moto, akamwita, asiitikie. Ndiye aliyepiga yowe. Nje lori lilinguruma, na vijana walikuwa wanatandika godoro juu ya magunia ya mahindi.

"Mnyanyueni!" mjomba alisema huku machozi yakimtiririka. "Taratibu! Mshikeni kichwa!"

Nikapenya, nikamgusa bibi paji la uso. Halikuwa na moto. Nikamwita. Kimya. Ananijaribu? Au anaumwa? Alisema atanijaribu, ndiyo, lakini mtu aliyepanga kuigiza anaweza pia kuugua kweli siku hiyo hiyo. Nikamchungulia kope. Hazikutikisika. Hapo hapo, katikati ya vurugu, nikaona jambo ambalo usiku wote ule sikuliona: sikulazimika kujua mimi. Anayejua aletwe hapa!

Nikaruka hadi mlangoni, nikashika miimo yote miwili.

"Bibi haendi mjini."

Sikuitambua sauti yangu.

"Unasemaje?" mjomba aliuliza. "Toka hapo, mwanangu."

"Haendi, mjomba. Aliniambia mwenyewe. Mganga wa zahanati aletwe kwa baiskeli, amwone hapa. Akisema ni homa, nitapanda lori naye nimpakate kichwa njia nzima. Akisema ni uzee, godoro lirudi ndani."

"Umesoma vitabu vingapi hata umkatalie mama yangu hospitali?"

"Simkatalii. Namsemea!"

Balozi wetu wa nyumba kumi akawainulia vijana mkono wasubiri. Ndipo sauti ikatoka kitandani, kavu, yenye lafudhi yote ya Kifipa:

"Mganga wa nini? La mganga mimi sikulisema."

Wanawake wawili walitimua mbio nusura waniangushe. Mjane akakaa chini puu.

"Hukulikataza, bibi," nilisema. Nilitaka kuimba.

Bibi alifungua jicho moja, akanitazama kwa makini. "Basi liongezwe."

"Mwongo mkubwa wewe!" mjane akamaka. "Nimelia mpaka kamasi!"

"Umelia vizuri. Siku yenyewe ulie hivyo hivyo."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakucheka. Alitoka, akazima lori, akarudi na macho mekundu.

"Mama, si ungeniambia mimi?"

"Ningekwambia ungelia."

Akalia tena. Bibi akamshika mkono.

Nikawatazama waliokuwamo: mjomba, mjane, balozi, majirani wa mstari mzima. Tungeweza kucheka tukaachana, na yote yale yakabaki kati ya bibi na mimi, na mimi nikaendelea kukesha. Sikutaka kukesha tena. Nikavuta kigoda cha bibi hadi katikati ya nyumba, nikapanda juu yake, nikawaambia yote kwa sauti: la mganga kwanza, kisha la kuuguzwa na mjane, kisha la padre. Bibi, sasa amekaa kitako na blanketi mabegani, alitikisa kichwa kukubali kila moja. Nilipomaliza nikasema sishuki mpaka kila mmoja aseme amesikia.

Mjomba akajifuta uso kwa kofia. Akawa wa kwanza.

"Nimesikia."